Ankara za oda maalumu: acha kusajili bidhaa mpya kila siku

"Sisi kazi zetu ni za oda, mfumo hautufai." Wiki hii nimeisikia mara tatu: kwa fundi samani, kwa mchomeleaji wa mageti na kwa mama anayeshona sare. Wote wanaamini programu ya biashara ni ya duka lenye rafu, na kwamba kitu kisichosajiliwa hakiwezi kutolewa ankara.

Si kweli, na imani hii inaharibu hesabu za watu. Nilifungua mfumo wa karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, nikakuta bidhaa zaidi ya 300: "kabati la Tabata", "kabati la Tabata jipya", "kabati la yule mchungaji". Karibu kila moja imeuzwa mara moja tu. Mbaya zaidi, zote zilisajiliwa kama mali ya stoo. Kabati halijawahi kuingizwa stoo, limeuzwa, basi mfumo unaandika hasi 1. Ripoti ya stoo ilikuwa hasi tupu toka juu hadi chini, na mwenye karakana akaamini programu ni mbovu.

Unahitaji majina matano au sita ya jumla: kabati la oda, kitanda cha oda, meza ya oda, ukarabati, usafiri. Yasajili kama huduma, au bidhaa isiyohesabiwa stoo. Siku ya ankara chagua "kabati la oda", kisha kwenye maelezo ya mstari huo andika: mninga, futi 6 kwa 7, milango 3, droo 2, vanishi nyeusi. Bei ijaze hapohapo. Programu za QuickBooks, Odoo na Zoho Books zote zinakuruhusu kubadili maelezo na bei ndani ya ankara bila kugusa bidhaa iliyosajiliwa. Za kuhesabiwa stoo ni mbao, gundi na bawaba.

Na vipimo viandike, nakuomba. Mteja akija kudai aliagiza droo 4, ankara iliyoandikwa "kabati 1" itakusaidia nini? Akiongeza droo kazi ikiwa katikati, weka mstari mpya wenye bei yake. Bei ya mwanzo usiifute.

Wapo wanaodhani proforma, yaani karatasi ya bei unayompa mteja kabla hajakubali, ni ankara. Proforma haiingii kwenye hesabu wala haimfanyi mteja kuwa mdaiwa. Akikubali bei, igeuze iwe ankara ndani ya mfumo, usianze kuandika upya.

Advansi nayo si mauzo. Kwenye vitabu ni deni lako kwa mteja mpaka umkabidhi kazi yake. Ila uliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) sikia vizuri: kwa Sheria ya VAT ya mwaka 2014, kodi inaanza kudaiwa fedha inapopokelewa, hata ikiwa sehemu tu, kama ankara au kazi yenyewe haijatangulia. Ukipokea advansi ya shilingi 1,180,000 kwa kiwango cha 18%, shilingi 180,000 humo ni za serikali. Usinunulie mbao.

Ankara ya programu pia haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Kama mfumo wako haujaunganishwa na TRA (Mamlaka ya Mapato), risiti itoe kwenye mashine.

Uliyekwisha kujaza orodha, bidhaa zenye mauzo usizifute, utavuruga kumbukumbu za nyuma. Zifungie tu zisionekane kwenye ankara mpya. Ile karakana ya Keko tuliimaliza alasiri moja, ikabaki na majina 6.