Mvinyo Uko Ng'ambo: Dhana Potofu Kuhusu Mji wa Porto

Neno mvinyo lilitufikia Waswahili kutoka Kireno, vinho, kama yalivyotufikia meza, leso, karata na bendera. Si ajabu basi kwamba Porto, mji wa pili kwa umuhimu nchini Ureno, unajulikana kwetu, kama unavyojulikana kwingine, kwa mvinyo mtamu na mkali unaobeba jina lake. Sifa hiyo imeuletea mji utajiri, lakini pia imeufunika. Mgeni hufika asubuhi, huvuka daraja akaonje bilauri tatu, hupiga picha ya mto, kisha hupanda treni kurudi Lisbon. Yule asiyekunywa pombe, naye miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili si mmoja wala wawili, hujiambia kwamba huko hana lake. Wote wawili wamepotezwa na dhana ambazo hurudiwa mara nyingi mno na hupimwa mara chache.

"Mvinyo wa Porto hutengenezwa Porto"

Zabibu za mvinyo huo hulimwa kwenye matuta ya mawe ya bonde la mto Douro, mwendo wa saa kadhaa mashariki mwa mji, katika eneo ambalo mipaka yake iliwekwa mwaka 1756 chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal. Huko huko ndiko zinakokamuliwa, na kabla sukari yake haijageuka yote kuwa kileo, humiminiwa pombe kali ya zabibu ambayo husimamisha uchachu. Ndiyo sababu mvinyo hubaki mtamu ilhali nguvu yake hufikia karibu asilimia 20. Zamani mapipa yalishushwa mtoni kwa mashua bapa ziitwazo rabelo hadi karibu na bahari, lakini hata hapo hayakupakuliwa Porto. Yalipelekwa ukingo wa kusini, Vila Nova de Gaia, ambao ni mji mwingine wenye halmashauri yake na wakazi wengi kuliko Porto wenyewe: katika sensa ya 2021 Gaia ulikuwa na watu zaidi ya 300,000, na Porto takriban 230,000. Mteremko wa Gaia unaelekea kaskazini, jua haliupigi sana, na upepo wa bahari hupoza maghala. Tena, kuanzia 1926 hadi 1986, sheria iliwataka wauzaji wa nje wausafirishe mvinyo huo kutoka Gaia.

Kwa hiyo anayeimaliza siku yake maghalani hajautembelea Porto, ameutazama tu kutoka ng'ambo. Nakiri kwamba ng'ambo ndiko unakoonekana vizuri zaidi. Ukisimama kwenye uwanja wa monasteri ya Serra do Pilar jioni, nyumba za Ribeira, mtaa mkongwe wa ukingoni mwa Porto, zinaonekana zimepandana kama vitabu vilivyorundikwa ovyo, na juu yake kanisa kuu. UNESCO ilipouorodhesha mji mkongwe kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1996, iliijumuisha monasteri hiyo pamoja na daraja linaloielekea, ijapokuwa imo ndani ya Gaia. Uonjaji hauna ulazima wowote, kwani mandhari hayo hayauzwi kwa bilauri.

"Daraja kubwa la chuma ni la Eiffel"

Hili hurudiwa hata na watembeza wageni. Daraja la Dom Luís I, lenye njia mbili, moja juu na moja chini, lilisanifiwa na Théophile Seyrig na kufunguliwa mwaka 1886. Gustave Eiffel alikuwa mshindani wake katika zabuni hiyo, naye akashindwa. Kuchanganya kwao kuna asili yake: wawili hao walikuwa washirika hapo awali, na kampuni yao ndiyo iliyojenga daraja la reli la Maria Pia, lililo juu zaidi mtoni, mwaka 1877, miaka 12 kabla ya mnara wa Paris. Maria Pia lilistaafu mwaka 1991, likabaki limesimama bila treni. Anayetaka kuona kazi ya Eiffel mjini humo na alifuate hilo.

Leo njia ya juu ya Dom Luís I hupitiwa na treni za metro na waenda kwa miguu. Kwenye ukingo wa Ribeira, karibu na njia ya chini, kuna bamba la shaba ambalo wengi hulipita bila kuligeukia. Linakumbuka tarehe 29 Machi 1809, siku ambayo wakazi waliokuwa wakiwakimbia askari wa Ufaransa walijazana kwenye daraja la mashua zilizofungwa pamoja, likavunjika, na umati ukazama. Mishumaa bado huwashwa hapo.

"Azulejo maana yake ni vigae vya buluu, na vigae hivyo ni vya kale"

Dhana hii ni mbili ndani ya moja. Katika Kireno rangi ya buluu ni azul, na sikio la haraka huunganisha. Lakini azulejo limetokana na neno la Kiarabu az-zulayj, yaani jiwe dogo lililong'arishwa, na vigae vya mwanzo vilivyoingia Ureno kutoka Seville ya Uhispania vilikuwa vya rangi nyingi. Buluu na nyeupe zilitawala katika karne ya 17, wakati vyombo vya kauri vya China na vya Uholanzi vilipowapumbaza Wareno. Mswahili hana haki ya kuwacheka, kwa kuwa waliojenga makaburi ya nguzo ya Kunduchi nao walipachika sahani za Kichina kwenye chokaa kwa kupendezwa na rangi zile zile.

Kuhusu umri, mgeni anayesimama mbele ya Capela das Almas, kikanisa cha mtaa wa Santa Catarina kilichovikwa vigae karibu 16,000, hukadiria miaka 300. Kikanisa ni cha karne ya 18 kweli, ila vigae vilibandikwa mwaka 1929, kwa mtindo uliokusudiwa kufanana na wa zamani. Ukuta wa ubavuni wa Igreja do Carmo, unaopigwa picha kuliko kuta nyingi za mji huo, ni wa 1912. Vigae vya kanisa la Santo Ildefonso ni vya 1932, na ni kazi ya Jorge Colaço, fundi yule yule aliyevipaka rangi vigae takriban 20,000 vya ukumbi wa stesheni ya São Bento, iliyofunguliwa mwaka 1916 mahali palipokuwa na nyumba ya watawa.

Ukumbi huo wa São Bento, kwa maoni yangu, unastahili muda mrefu kuliko ghala lolote la mvinyo, nao hauna kiingilio. Wengi husimama katikati, huinua simu, huondoka. Afadhali uanze na kuta kubwa: vita vya Valdevez upande mmoja, kisha mwaka 1387, Mfalme João I akiingia Porto na bibi harusi wake, Philippa wa Lancaster, kisha Ceuta, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini, ikitekwa mwaka 1415. Halafu inua macho kwenye ukanda wa juu, ambao hauna buluu peke yake bali rangi nyingi, na unaosimulia vyombo vya usafiri vilivyotumika kabla ya treni. Abiria wanaowahi treni za vitongojini hukupita pande zote bila kuangalia juu, jambo linalokukumbusha kwamba hapa ni stesheni, si makumbusho.

"Ukumbi wa Kiarabu uliachwa na Waarabu"

Ndani ya Palácio da Bolsa, jumba la chama cha wafanyabiashara lililoanza kujengwa mwaka 1842, kuna chumba kiitwacho Salão Árabe, kilichojaa nakshi za dhahabu, matao na maandishi ya Kiarabu. Msomaji kutoka Lamu au Unguja anayekiingia ana haki ya kudhani kwamba amefika mahali anapopafahamu, na wapo wageni wanaotoka wakisimulia kuwa ni masalia ya enzi ya Waislamu. Ukweli ni kwamba Wakristo waliutwaa Porto mwaka 868, na chumba kilijengwa kati ya 1862 na 1880 kwa kuiga Alhambra, kasri la watawala Waislamu huko Granada, Uhispania. Matajiri wa mji walitaka ukumbi wa kuwapokelea wakubwa wa kigeni, na mtindo uliopendwa Ulaya wakati huo ndio huo. Ni uigaji, lakini ni uigaji wa mafundi hodari. Jumba huingiwa kwa ziara yenye kiongozi tu, hivyo ulizia saa ya lugha unayoijua.

Mlango wa pili ni kanisa la São Francisco, ambalo kwa nje ni jiwe la kijivu lisilovutia na kwa ndani mbao zake zilizochongwa zimefunikwa dhahabu hadi darini. Ingia.

"Duka la vitabu la Lello ndilo lililozaa shule ya wachawi"

Foleni ndefu mbele ya Livraria Lello, duka lililofunguliwa mwaka 1906, husababishwa kwa kiasi kikubwa na hadithi kwamba J. K. Rowling alitoa humo sura ya shule ya Harry Potter. Ni kweli aliishi Porto kati ya 1991 na 1993 akifundisha Kiingereza. Lakini mwaka 2020 mwenyewe alisema hadharani kwamba hakuwahi kuingia duka hilo wala hakujua kuwa lipo. Ngazi yake nyekundu inapendeza bila kuhitaji uchawi, na yafaa kujua kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana kuwa mbao iliyochongwa ni plasta iliyopakwa rangi. Kiingilio hutozwa, lakini hukatwa kwenye bei ukinunua kitabu.

"Mwana wa mfalme, Henrique, alikuwa baharia"

Infante Dom Henrique alizaliwa Porto mwaka 1394, na sanamu yake imesimama karibu na Bolsa ikinyoosha mkono kuelekea majini. Lugha nyingi za Ulaya zimempachika jina la baharia. Yeye hakusafiri mbali zaidi ya Morocco. Alichofanya ni kugharimia na kutuma wengine, na mwaka 1444, mateka wa Kiafrika walipogawanywa huko Lagos ya kusini mwa Ureno, alichukua fungu lake la moja kwa tano. Kwetu, ambao tumezoea kumhesabu pamoja na Vasco da Gama, ni vyema kukumbuka kwamba alifariki mwaka 1460, miaka 38 kabla ya meli za da Gama kutia nanga Malindi. Nyumba inayoitwa Casa do Infante ilikuwa forodha ya mfalme tangu karne ya 14, na leo ni makumbusho madogo ambayo chini ya sakafu yake yamefukuliwa mabaki ya nyumba ya Kirumi yenye mapambo ya vijiwe. Hapa huwa hakuna foleni.

"Chakula cha mji ni cha Kifaransa"

Jina francesinha, Mfaransa mdogo wa kike, ndilo linalopoteza. Ni mkate wa tabaka za nyama uliofunikwa jibini na kumwagiwa mchuzi wa pilipili, na sifa ya kuubuni mjini humo katika miaka ya 1950 hupewa mpishi aliyekuwa amerudi kutoka Ufaransa. Asiyekula nguruwe auepuke wa kawaida, kwani ndani huwa na nyama ya paja la nguruwe na soseji, na mchuzi wenyewe kwa kawaida hutiwa bia. Chakula cha zamani zaidi ni matumbo yaliyopikwa na maharage meupe, na wenyeji huitwa tripeiros, yaani walaji wa matumbo. Masimulizi yao ni kwamba nyama nzuri yote ilipakiwa kwenye meli za Ceuta mwaka 1415, wakabakiwa na utumbo. Hayo yachukuliwe kama masimulizi, ingawa wenyeji wanayasema kwa fahari.

"Kuna jumba la kioo"

Bustani za Palácio de Cristal hazina jumba la kioo. Lile la 1865 lilibomolewa mwaka 1951, na mahali pake pana ukumbi wenye kuba uliopewa jina la Rosa Mota, mzaliwa wa Porto aliyeshinda mbio za marathoni za wanawake katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Nenda kwa ajili ya tausi na mwonekano wa mto.

"Mji unaishia Ribeira"

Anayeamini hivyo hukosa nusu ya Porto. Tramu ya namba 1 huanzia karibu na São Francisco na kufuata mto hadi Foz, ambako Douro huingia Atlantiki, bahari yenye maji baridi hata mwezi wa Agosti. Casa da Música, ukumbi wa muziki uliosanifiwa na Rem Koolhaas, ilifunguliwa mwaka 2005, na makumbusho ya sanaa ya Serralves, yaliyosanifiwa na Álvaro Siza, mwaka 1999, yakiwa ndani ya bustani kubwa inayotosha kumaliza nusu siku.

Kaskazini ya katikati ya mji lipo kanisa la Lapa, ambalo ni nadra kuwekwa kwenye ramani za watalii. Humo umehifadhiwa moyo wa Pedro IV, mfalme wa Ureno aliyekuwa pia kaisari wa kwanza wa Brazil. Aliwaachia watu wa Porto moyo huo kwa kuwa walisimama naye wakati mji ulipozingirwa mwaka 1832 na 1833. Mwili wake uko São Paulo. Moyo wenyewe hauonyeshwi kila siku, umefungiwa kwa kufuli kadhaa nyuma ya jiwe, na mwaka 2022 ulitolewa na kupelekwa Brazil kwa maadhimisho ya miaka 200 ya uhuru, kisha ukarudishwa mahali pake.