Murgatroyd, jina la konde moja la Yorkshire

Mtu akiniletea jina la Smith nimtafutie asili yake, mimi hushusha pumzi kwanza. Smith maana yake mhunzi, na wahunzi walijaa kila pembe ya Uingereza, jina likazuka mahali pengi, na akina Smith wawili si lazima wawe ndugu. Murgatroyd ni habari nyingine: nafungua ramani moja kwa moja mpaka Warley, karibu na mji wa Halifax, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza.

Kinachonipeleka huko ni mkia wa jina. Royd ni konde lililofyekwa msituni. Neno lenyewe la kale ni rod. Watu wa bonde la mto Calder ndio walioivuta irabu ikawa "oi", kama walivyoyaita makaa ya mawe coil badala ya coal. Ackroyd, Holroyd na Boothroyd wametoka pande hizo hizo. Mwanzo wa jina una ubishi. Wapo wanaosikia moor gate, njia ya kwenda nyikani. Mimi niko na wanaosema konde lilikuwa la Margaret fulani, maana makonde ya namna hii mara nyingi yaliitwa kwa majina ya wenyewe.

Mwaka 1371 Johanus de Morgateroyde aliteuliwa konstebo wa Warley. Hiyo "de" itazame vizuri: inaeleza tu mtu anatoka wapi. Baadaye ikadondoka, na watoto wakalirithi jina hata walipohamia kwingine. Kwetu pwani jina la mwana hufuatiwa na la baba yake, kwa hiyo kwa mjukuu limeshabadilika. La Mwingereza likishaganda, hupita karne.

Nalo halikwenda mbali. Katika miaka ya 1600 James Murgatroyd, tajiri wa vitambaa vya sufu kutoka Warley, alinunua jumba la East Riddlesden Hall karibu na mji wa Keighley, mkoa ule ule. Hata sensa ya 1881 inawaonyesha wengi wao wakiwa bado West Riding, upande wa magharibi wa Yorkshire.

Vinasaba navyo vina la kusema kuhusu majina adimu. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa kromosomu Y, ile anayorithi mwana wa kiume kwa baba, wakilinganisha wanaume wenye majina 40 ya ukoo. Akina Smith walitofautiana kama watu waliookotwa njiani. Akina Attenborough, jina adimu, wengi mno walikuwa wa mstari mmoja wa baba.