Haivuji hata tone, ila inavuta hewa: acheni kuua pampu za watu

Nimechoka jamani. Pikapu ya dizeli ikigoma kuwaka asubuhi, stata inapigwa mpaka betri inalia, na yeyote anayepita hapo, awe fundi, awe bodaboda, awe mjomba aliyekuja kusalimia tu, atakwambia "hiyo pampu imekufa". Na isipokuwa pampu basi ni nozeli. Juzi kaletwa Hilux ya namna hiyo, 3.0 ya D-4D, jamaa kainunua yuzdi, keshabadilishiwa pampu ya mtumba huko ilikotoka na nozeli mbili juu yake, na gari iko vilevile. Nikamuuliza mipira ya mafuta mliangalia? Akanijibu lile jibu ambalo sasa nikilisikia napandisha presha mimi mwenyewe: "Fundi aliangalia, haivuji hata tone."

Sasa tukae hapohapo kwenye hilo tone.

Ninaongelea Hilux tunazonunua sana huku kwetu, za 1KD na 2KD, yaani 3.0 na 2.5 zenye komoni reli (bomba moja la presha kubwa, "reli", linalolisha nozeli zote) na pampu ya Denso HP3, pamoja na zile za kizamani za 2L, 3L na 5L zenye pampu ya kimakenika. Mwenye Ranger au D-Max mengi yatakuhusu ila namba zako sio hizi, na zipo gari zina pampu ya umeme ndani ya tanki, hapo habari inageuka, usije ukanipigia kelele.

Hilux hizi tankini hamna pampu yoyote ya umeme. Ndani ya HP3 yenyewe kuna kipampu kidogo ambacho kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka tankini, inapita kwenye filta, ndio iingie kwenye upande wa presha kubwa. Yaani kuanzia tanki mpaka mdomo wa pampu mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Mpira ukipasuka kidogo au klampu ikalegea, injini ikiwa inatembea mafuta hayatoki nje, hewa ndiyo inaingia ndani. Chukua mrija wa soda uutoboe kwa pini halafu unywe uone, soda haitoki kwenye tundu ila mdomoni unapata mapovu. Kwa hiyo mtu anayelala chini ya gari na tochi akitafuta umajimaji anatafuta kitu ambacho kwa kawaida hakipo, na akikikosa ndio anainuka na hukumu ya pampu!

Usiku gari imepaki, hewa inaingia taratibu kwenye hicho kitundu na mafuta yanarudi zake tankini. Asubuhi pampu inazungushwa na stata huku inavuta hewa, presha kwenye reli haipandi, na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, haifungui nozeli mpaka ione presha ya kutosha, kwa hizi Denso ni kama MPa 20 hivi (bar 200) na kuendelea. Unapiga stata weee. Halafu ikishawaka inatembea vizuri siku nzima, pengine na kutetemeka kidogo mwanzoni. Mwenye gari akikwambia "ikiwaka haina shida kabisa, na nikipaki kichwa kimetazama bondeni asubuhi inawaka fasta, nikipaki kimetazama mlimani inasumbua", huyo keshakupa jibu bure. Pampu iliyochakaa haijali umepaki umetazama wapi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kile cha kupampu kwa mkono juu ya filta, kipampu asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Kama ni laini, unapampu mara nyingi ndio kinakuwa kigumu, halafu ukipiga stata inawaka hapohapo, na kesho yake ni hivyohivyo, basi mafuta yanarudi nyuma na kuna mahali hewa inaingilia. Pampu kubwa iacheni.

Wapi? Mipira iliyokauka chini ya boneti. Klampu za kukaza kwa bisibisi ambazo mtu kakaza mpaka zimekata mpira. Oringi ya kile kikombe cha maji chini ya filta na ile nati ya kumwagia maji. Sensa ya maji ambayo kila filta ikibadilishwa inahamishwa na oringi yake ileile kuukuu. Kiwambo cha hiyo pampu ya mkono yenyewe, hiki wengi wanakisahau, kinachanika ndani na nje huoni kitu. Filta feki ambazo mpira wake wa juu ni mwembamba kama karatasi. Na bomba la chuma chini ya chesisi, pale linaposhikwa na kibano na tope limekaa miaka, kutu inakula kwa upande wa juu ambao jicho halifiki.

Kuthibitisha, weka kipande cha mpira unaoonesha ndani kati ya filta na pampu, washa gari, piga resi, angalia. Mapovu yakipita mfululizo umemaliza mjadala. Ila hapa niseme ukweli ambao kwenye vitabu hamtaukuta, vitabu vinataka hewa sifuri, na mimi nimeona gari nzima kabisa zinapitisha kipovu kimojakimoja, hasa filta ikiwa imetoka kubadilishwa, na mpaka kati ya "kawaida" na "tatizo" hauko wazi hata kwangu. Kwa hiyo vikiwa vichache sikurupuki, nakwenda kwenye dumu.

Dumu ndio kipimo ninachokipenda kuliko skana yoyote. Dizeli safi ndani ya dumu, mpira mfupi, filta mpya, mpaka kwenye pampu, na mpira wa marejesho nao unarudi dumuni. Ukiwa umeshaikwepa njia yote ya gari, iache ilale hivyo. Asubuhi ikiwaka vizuri, tatizo liko kwenye hiyo njia uliyoikwepa, kuanzia tanki mpaka filta ya zamani na vitu vyake, sasa unarudisha kipande kimojakimoja mpaka ugonjwa urudi. Ikiendelea kusumbua hata kwenye dumu, haya, tuongee habari za presha kubwa. Inachukua muda, ndio, na mwenye gari analalamika kwamba siku nzima sijafungua hata nati moja, lakini bei ya dumu na bei ya pampu mnazijua.

Kuna na ile gari inatembea dakika kadhaa halafu inazima polepole kama imeishiwa mafuta, ukisubiri kidogo inawaka tena. Fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia inavuta pumzi, tundu la kupumulia limeziba. Usiposikia kitu, shusha tanki uone ile wavu ya ndani, gari zilizokuwa za site zinajazwa kwa madumu yenye mchanga na utakuta uji mweusi chini. Basi.

Sasa skana. Taa ya injini inawaka, mtu anachomeka kifaa chake cha bluetooth, inatoka kodi ya kosa P0087, anaingia kwenye simu anasoma "presha ya reli iko chini", na kwa akili yake presha inatengenezwa na pampu kwa hiyo pampu imekufa. Sio hivyo! Kodi inakwambia kilichoonekana, haikwambii nani kasababisha. P0087 naipata kwa filta iliyoziba, kwa hewa, kwa SCV inayoganda, ile valvu ya umeme kwenye pampu inayopima mafuta ya kuingia upande wa presha kubwa, kwa nozeli zinazorudisha mafuta mengi, kwa ile valvu ya usalama mwisho wa reli ikivuja ndani kwa ndani, na ndio, wakati mwingine kwa pampu. P0093, ile ya uvujaji mkubwa, inaweza kuja hata gari ikitoka kuishiwa mafuta barabarani. P1229 inakuja presha ikizidi ile kontrol boksi iliyoomba, na hapo namshuku SCV kabla ya mtu mwingine yeyote.

Badala ya kusoma kodi peke yake, soma presha inayoombwa na presha iliyopo, zote mbili kwa pamoja, gari ikiwa kazini. Sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, na injini ya moto ni kama MPa 30, ukikanyaga mpaka mwisho inapanda kuelekea 160. Gari inapanda mlima Kitonga kule Iringa na mzigo, inayoombwa inapaa, iliyopo inabaki nyuma, inabaki nyuma zaidi, taa inawaka na nguvu zinakatwa. Hiyo ni njaa, pampu haipati chakula cha kutosha au inakipoteza mahali. Zikiwa zinapandana na kushukana kama mbio za panya kwenye sailensi, au gari inazima ukiachia mafuta kusimama kwenye mataa, hapo naangalia SCV.

Na SCV ina balaa lake. Ziko fupi na ndefu, na ziko ambazo bila umeme zinakaa wazi na ambazo bila umeme zinafunga, kwa macho unaweza kuzichanganya. Dukani unauziwa "ya Hilux" unafunga, gari inakuwa mbaya kuliko ilivyokuja. Na ukishafunga sahihi bado kuna kazi ya kuifundisha kontrol boksi upya kwa skana, ukiiruka utasema spea ni feki. Kama kuisafisha kunatosha? Sijui niwajibuje, kuna zilizopona kwa kusafishwa na zikakaa, kuna zilizorudi haraka, na kwa kuiangalia tu siwezi kukuambia yako ni ipi.

Nozeli nazo. Skana inakupa namba za masahihisho ya kila silinda, mafundi wengi wanajua zikivuka 3 juu au chini nozeli hiyo ni ya kutiliwa shaka, sawa, lakini tiliwa shaka sio kutupwa. Kontrol boksi inachopima ni silinda gani inasukuma krankishafti kwa ulegevu kuliko wenzake, halafu inaiongezea mafuta kidogo. Silinda ikiwa na kompresheni ndogo au valvu zimebana, namba inapanda vilevile na nozeli haijafanya kosa. Pima kompresheni kwanza. Na nozeli mpya ina kodi yake imeandikwa juu ya kichwa, ile inaingizwa kwenye kontrol boksi, sio urembo.

Kwenye 1KD ukishafika kwenye nozeli angalia na zile wosha za shaba za chini. Zikipitisha moto, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba wavu ya kuvutia oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kukosa oili wakati nyinyi bado mnabishana kuhusu dizeli.

Wazee wa 3L, hili ni lenu, nawaheshimu mmenitangulia, lakini ile tabia ya kulegeza nati ya bomba la nozeli gari ikiwa inaunguruma ili kujua silinda ipi inamisi, kwenye komoni reli acheni kabisa. MPa 160 ni bar 1600, mafuta yanapenya ngozi na mkono unaweza kukatwa. Skana inazima silinda mojamoja ukiwa umekaa kwenye siti.

Betri dhaifu, stata inayozunguka kivivu, nayo inazuia presha kupanda, angalieni kabla ya vyote. Moshi mweusi na kukosa nguvu, kabla ya nozeli angalia mpira wa turbo na hewa klina.

Kuhusu mafuta machafu, hali si kama zamani, EWURA, wasimamizi wa nishati Tanzania, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yajulikane, mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa na faida ya kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa ikapungua, na Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwenye mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Lakini dizeli ya chupa pembeni ya barabara hakuna anayeijua, na pampu hizi kilainishi chake ni dizeli yenyewe, mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Sasa pampu inakufa lini kweli? Asubuhi ya baridi inawaka, ikishapata moto ukizima haiwaki mpaka ipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapita kwenye sehemu zilizoliwa. Kwa pampu za kimakenika za 3L na 5L kuna mbinu ya zamani, mwagia pampu maji ya baridi taratibu, ikiwaka hapohapo, kichwa cha pampu kimekwisha. Kwa komoni reli simwagii maji, napima marejesho ya nozeli kwenye vichupa vinne injini ikiwa ya moto, kichupa kimoja kikijaa wakati wenzake wako nusu nimeshampata mwizi. Vyote vikiwa sawa na vidogo, valvu ya usalama ya reli hairudishi kitu, SCV ni nzima, dumu limeshafanyika na presha bado haipandi, haya, toeni pampu ipelekwe kwenye benchi la kupimia pampu, zibeni midomo ya mabomba kwa vifuniko safi na sio kwa vitambaa vya gereji, na mkirudi nataka kuona karatasi ya vipimo, sio "fundi wa pampu kasema".