Pilipili Haishindani na Mvinyo Mzito

Mteja anaagiza mapo tofu, chakula cha tofu cha jimbo la Sichuan nchini China, inayoelea kwenye mafuta mekundu ya pilipili, kisha anataka mvinyo mwekundu, Cabernet Sauvignon yenye kilevi cha asilimia 14.5, eti nzito, ili "iikabili pilipili". Kazi yangu ni kupanga vinywaji na chakula, na sentensi hiyo sasa imenikinaisha.

Ukali wa pilipili si ladha, ni maumivu. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali, huamsha vipokezi vya neva vinavyohisi joto, na kilevi huamsha vipokezi hivyohivyo. Kwa hiyo mvinyo wenye kilevi kingi huchochea moto badala ya kuuzima. Ongeza tanini, ile kemikali ya mvinyo mwekundu inayokausha mdomo, juu ya ulimi uliokwisha kuungua, na ukakasi na uchungu vinajitokeza mbele huku harufu ya matunda ikipotea. Umelipia chupa nzuri ili ikutese.

Kinachofaa hapo ni kilevi kidogo, utamu kiasi, uchachu wa kutosha, na chupa iliyopoa vizuri. Mimi hupeleka mezani Riesling Kabinett, mvinyo mweupe mwepesi wa Mosel, Ujerumani, ambayo mara nyingi huwa na kilevi cha asilimia 8 au 9. Watu hukunja uso wakisikia neno utamu, kana kwamba nimewaletea sharubati. Jamani, onjeni pamoja na chakula, si kabla yake! Pilipili ikishaingia mdomoni, utamu ule hupungua sana. Asiyekunywa pombe achukue maziwa au mtindi, kwa sababu kasini, protini ya maziwa, huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Maji hayaiyeyushi, na soda yenye gesi nyingi huchonyota zaidi. Ile ganzi ya pilipili ya Sichuan, kiungo kisicho jamii moja na pilipili kali, ni jambo jingine kabisa: inatokana na kemikali iitwayo sanshooli, na dawa yake ni kusubiri tu.

Sijaupiga marufuku mvinyo mwekundu. Bata wa Beijing, mwenye ngozi kavu na mafuta yake, anapatana vizuri na Pinot Noir, mvinyo mwekundu mwepesi. Nyama ya nguruwe iliyopikwa taratibu kwa mchuzi wa soya ina mwenzake wa asili, mvinyo wa mchele wa Shaoxing. Samaki wa Guangdong, kusini mwa China, aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi anataka kitu chepesi. Chai ya oolong inatosha kabisa. Wanaoniuliza "kinywaji cha chakula cha Kichina" kwa jumla wananilazimisha kubahatisha.

Na mgahawa wenyewe je? Wengi wanaamini kwamba wateja Wachina wakiwa wengi, basi chakula ni kizuri. Pengine basi la watalii limeegeshwa nje. Someni menyu: ikitaja jimbo fulani la China na kuwa na vyakula vingi vya huko, kuna mpishi anayejua anachokifanya. Ikichanganya vyakula vya Sichuan, sushi ya Japani na pad thai ya Thailand katika kurasa kumi na mbili, ondokeni. Muulizeni pia mhudumu kama kuna menyu ya pili. Mara nyingine ipo, na ndiyo bora.

Kuhusu MSG (monosodiamu glutamati), kiungo cha kukoleza ladha kinacholaumiwa kwa kuumiza kichwa, nitasema kwa kifupi. Glutamati, ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kuwa chanzo cha umami, ile ladha nono kama ya mchuzi wa nyama, imo pia kwenye nyanya na jibini iliyokomaa. Majaribio ambayo washiriki hawakujua wamepewa nini hayajathibitisha kwamba kiasi cha kawaida kwenye chakula huumiza kichwa. Anayelalamika kichwa asubuhi ahesabu kwanza glasi alizokunywa.