Maji magumu si maji yenye pH ya juu

"Maji yangu ni magumu, pH iko 8." Sentensi hii nimeisikia mno kwa wafugaji wa samaki wa dhahabu, nusu ya pili ikitolewa kama ushahidi wa ile ya kwanza. Si ushahidi.

Ugumu ni wingi wa madini yaliyoyeyuka majini, hasa kalsiamu na magnesiamu. pH inaonyesha maji yameegemea asidi au alkali, 7 ikiwa katikati.

Neno "magumu" limetoka kwenye kufua. Maji yenye kalsiamu nyingi hayapatani na sabuni: unasugua, povu halitoki, na juu ya beseni unabaki utando wa kijivu. Mfuaji alikuwa analalamikia sabuni yake, wala hakuwa na habari na asidi. pH ilizaliwa kwingine kabisa, mwaka 1909, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Søren Sørensen alipotafuta namna fupi ya kuandika wingi wa ioni za haidrojeni.

Anayetuchanganya ni KH, kifupi cha Kijerumani tunachokitafsiri "ugumu wa kaboneti". Jina hili linaniudhi kwa dhati, kwa sababu kipimo cha KH cha tangini hakihesabu kalsiamu hata chembe. Kinapima bikaboneti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Ni kweli kwamba maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa huchukua kalsiamu na bikaboneti kwa pamoja, ndiyo maana namba hizi huonekana kama mapacha. Watenganishe kwa ndoo mbili. Koroga jasi, madini yenye kalsiamu lakini bila bikaboneti, katika ya kwanza: ugumu unapanda, pH inabaki karibu palepale. Katika ya pili koroga bikaboneti ya sodiamu, ile baking soda ya keki: KH inapanda, kalsiamu haijaongezeka.

Tofauti hii inaua samaki. Bakteria wa kichujio wanapogeuza amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitreti hutumia bikaboneti, na samaki wa dhahabu, kwa ulaji wake na uchafu wake, huwapa kazi usiku na mchana. KH ikikaribia sifuri, pH huporomoka. Nimewahi kusimama mbele ya tangi lenye ugumu wa nyuzi 14 na pH chini ya 6, samaki wametulia chini, mapezi wameyabana. Mwenyewe alikuwa ameshika karatasi ya kupimia, ananionyesha ule ugumu. Tulibadilisha maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana pH ikipandishwa ghafla, amonia iliyolimbikizana hugeuka sumu kali.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, ukisema maji yako ni magumu, umeniambia habari za kalsiamu, nami nimekuelewa. Kama ulikusudia pH, sema pH. Na kama ulikusudia kwamba pH yako haiwezi kuanguka, hapo nitakuomba namba ya KH, ya wiki hii.