Je, wajua kwa nini Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili awe Idi Amin?

Katika filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, Idi Amin anatania, anatisha na kuhutubia karibu muda wote kwa Kiingereza. Hata hivyo Forest Whitaker, Mmarekani aliyezaliwa Longview, Texas, mwaka 1961, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa nini ahangaike na lugha ambayo mtazamaji angeisikia kwa nadra?

Jibu limo katika maisha ya Amin mwenyewe. Mwaka 1946 aliingia King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya askari kambini. Kiingereza alikipata ukubwani. Kwa hiyo anayetaka kukisema Kiingereza cha Amin, namna anavyokivuta, anavyokikata na pale anapokwama, hana budi kuanza na lugha zilizotangulia kinywani mwake. Whitaker hakuishia hapo. Alikutana na ndugu wa Amin na watu waliokuwa karibu naye, akaongeza uzito, na akajifunza kupiga kodiani kwa kuwa Amin naye aliipiga.

Matunda yake yanaonekana mapema tu. Amin ameumia mkono barabarani baada ya gari kugonga ng'ombe, na daktari kijana anamfunga bendeji. Mnyama analia kwa maumivu, basi daktari ananyakua bastola ya Amin na kummaliza. Askari wanamwelekezea bunduki. Uso wa Whitaker unafunga kabisa, kisha anaposikia kwamba kijana ni Mskoti unafunguka, anacheka, na wanabadilishana mashati. Daktari huyo ni wa kubuni, lakini hofu ile ni ya kweli. Kwa Watanzania waliomjua Nduli kupitia Vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, huenda kinachosumbua zaidi ni kwamba mtu huyu anapendeza. Naamini hapo ndipo Whitaker alipowazidi wengi: alituonyesha jinsi taifa zima lilivyoweza kumshangilia alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971. Februari 2007 alipewa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, akiwa mtu mweusi wa nne kuipata.

Mazoea haya ya kuanzia kwenye pumzi na sauti hayakuzuka Kampala. Whitaker aliingia chuo kwa ufadhili wa futiboli ya Kimarekani, akaumia mgongo, akahamia muziki. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Southern California, alisomea uimbaji wa opera, akiimba sauti ya tatu kama wasemavyo wanakwaya, kabla ya kugeukia uigizaji.

Ndiyo maana mwaka 1988, Clint Eastwood alipompa nafasi ya mwanajazi Charlie Parker katika filamu ya Bird, alijifunza saksafoni kwa dhati. Muziki unaosikika humo umetokana na rekodi za zamani za Parker mwenyewe, hivyo vidole, mashavu na mabega ya Whitaker vilipaswa kwenda sambamba na pumzi ya mtu aliyefariki mwaka 1955. Tamasha la Cannes lilimpa tuzo ya mwigizaji bora. Mwaka 1999, katika Ghost Dog, akawa muuaji wa kukodiwa anayefuata miiko ya samurai na kufuga njiwa. Anaongea kidogo mno, na mwili wake mkubwa unapita mitaani bila kishindo.

Lakini jaribio gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuja mwaka 2013 katika The Butler. Hapo ni Cecil Gaines, mtumishi wa Ikulu ya Marekani, mhusika aliyetokana na maisha ya Eugene Allen aliyewahudumia marais 8. Mtumishi wa aina hiyo anatakiwa awe chumbani na asionekane. Whitaker alifundishwa kazi hiyo hasa, namna ya kusimama na kuhudumia mezani, na kwa sehemu kubwa ya filamu hasira ya Gaines tunaisoma shingoni na mikononi mwake, wakati wakubwa wanaendelea kuzungumza kana kwamba hayupo.