Kijiko kikubwa, samaki mkubwa?

Wapo wavuvi wa mshipi wanaoamini kwamba kadiri kijiko cha chambo (kipande cha bati chenye ndoano, kinachovutwa majini kama samaki bandia) kinavyokuwa kikubwa na kizito, ndivyo kinavyonasa nguru au kolekole mkubwa. Imani hiyo ina msingi: chambo kikubwa hupunguza kunasa samaki wadogo. Lakini nguru mkubwa hula dagaa pia. Kinachomshawishi zaidi ni mwendo, kijiko kiyumbe huku na huku kama samaki aliyejeruhiwa.

Bati la chuma cha pua la milimita 2, urefu sentimita 20, likunjwe kidogo mfano wa herufi S. Likiachwa bapa, huteleza tu. Likipindwa mno, huzunguka kama pangaboi na kusokota mshipi. Ndoano nzito kupita kiasi nayo huua mwendo, na hili ndilo kosa linalosahaulika zaidi. Piga msasa kingo za tundu la kufungia zisikate uzi. Mbele ya kijiko funga waya, maana meno ya nguru hukata nailoni.

Kabla ya kwenda mbali, kivute ubavuni mwa ngalawa penye maji maangavu, ukiongeza kasi taratibu. Kikianza kuzunguka mapema, punguza mkunjo kidogo, ujaribu tena.